Maneno Matatu ya Kulaumu

Wakazi wengi wa Kaloleni, Makongeni na Huruma hupokea barua za Kiingereza, na wengine hudhani ya kuwa maneno yote ya kulaumu yana uzito mmoja. Sivyo.

La kwanza ni "criticize", yaani kutoa dosari za jambo. Atoaye dosari aweza pia kusifu. Kwa hiyo neno hili si la uadui.

La pili ni "reprimand". Hili ni karipio rasmi la mkubwa kwa aliye chini yake, kama msimamizi wa kiwanda kwa mfanyakazi. Karipio si kufukuzwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa la utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha aielewayo. Naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama cha wafanyakazi.

La tatu, "condemn", ndilo zito kuliko yote: ni kutamka kwamba kitu hakifai kabisa. Hunenwa juu ya mtu, na hata juu ya nyumba. Nyumba iliyoandikwa neno hili haifai kukaliwa. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa lilianguka Huruma, watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa, lakini watu walikuwa wangali wakiishi humo.

Basi, msomaji, uonapo neno la lawama katika barua au ukutani, uliza kwanza ni lipi. Dosari husahihishwa na karipio hujibiwa, bali nyumba iliyokataliwa haina budi kuhamwa.