Hori la Rubondo na Samaki Tulao

Wengi wetu tukaao kandokando ya Ziwa Viktoria tunalijua ziwa kwa upande wa mialo tu: mitumbwi iliyopangwa, nyavu zilizoanikwa, moshi wa samaki wanaobanikwa na kelele za wachuuzi. Ni wachache waliopata kuuona ufuko wa ziwa hilo hilo ukiwa katika hali yake ya asili, usio na kibanda, usio na jaa, wala alama ya mguu wa mtu. Ufuko wa namna hiyo ungalipo. Uko katika kisiwa cha Rubondo, pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, katika nchi jirani ya Tanzania, na askari aliye likizoni aweza kuufikia pamoja na jamaa yake, mradi ameweka akiba ya nauli na ya subira.

Atokaye Uganda huvuka mpaka wa Mutukula, akateremka hadi Bukoba na Muleba, kisha akaelekea Chato. Huko, katika bandari ndogo ya Kasenda, hupakiwa katika boti, na kabla ya saa moja kwisha amekwisha kuwasili Kageye, makao makuu ya hifadhi. Atokaye Mwanza naye amepunguziwa taabu tangu mwezi wa Juni mwaka 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, mahali ambapo zamani wasafiri walipanga foleni wakingojea kivuko.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 28 hivi, na sehemu yake kubwa ni msitu. Upande wa magharibi umetawaliwa na mafunjo na mikindu, maji na nchi kavu vikichanganyikana hata mtu asijue mpaka uko wapi. Huko ndiko aishiko nzohe, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ambazo humwezesha kutembea juu ya matope pasipo kuzama. Lakini tulitakalo leo ni upande wa mashariki, wenye mawe na mchanga.

Huko, miamba mikubwa imeingia ziwani mithili ya mikono miwili, na katikati yake maji yametulia. Hilo ndilo hori. Nyuma ya mchanga msitu umesimama kama ukuta, na matawi ya mikuyu yameinama hata kutia kivuli ufukoni. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, uso wa maji hulala kama kioo, na furukombe husikika akiita kutoka kilele cha mti kabla hajaonekana. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani mahali pamoja, mabawa yakimpigapiga, kisha hujitupa chini kama jiwe. Minandi hukaa juu ya miamba na kutandaza mabawa yao wayakaushe. Mwenye macho ya subira aweza kumwona fisi maji akiinua kichwa, akatazama, akazama tena. Mchangani husomeka habari za usiku uliopita: mburuzo wa mkia wa kenge, kwato za pongo, na pengine nyayo za tembo pana kama sinia, maana tembo nao wamo kisiwani, ingawa hawakuwapo hapo asili, waliletwa.

Basi mgeni, hasa mgeni mwenye watoto, akiona mchanga safi na maji matulivu, jambo la kwanza moyoni mwake ni kuvua viatu na kuingia. Asithubutu! Mamba wa Rubondo ni wengi, na mchanga huo mzuri ndio wautumiao kutagia. Jike hufukua shimo, hutaga mayai yapatayo 50, huyafukia, kisha hukaa jirani akiyalinda kwa muda wa karibu miezi mitatu. Viboko nao wamo. Kwa hiyo huu ni ufuko wa kutazamwa, si wa kuogelewa, na mzazi yampasa kuwaeleza watoto wake neno hilo kabla ya kushuka katika boti, si baada ya kuufikia mchanga.

Wako watakaouliza: ina faida gani pwani isiyoogeleka? Jibu limo majini humo humo. Ukisimama juu ya mwamba jua likiwa juu, utaona chini ya maji, penye kina kifupi, visahani vya duara vilivyochimbwa mchangani. Hivyo ni viota vya sato, ambaye Uganda huitwa ngege. Dume huchimba na kukilinda kiota chake. Jike huja akataga mayai hapo, kisha huyachukua yote kinywani mwake. Huyatunza kinywani hadi yaanguliwe, na hata baada ya vifaranga kutoka kuogelea kidogo, hatari ikitokea hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Katika siku hizo zote jike hali chakula. Mama wa nyumbani anayemparua sato magamba jioni huenda hajapata kuisikia habari hiyo. Sangara pia, yule mputa aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960, na ambaye alipozidi aliwamaliza furu wa aina nyingi sana, wachanga wake hukulia katika maji ya kina kifupi.

Ndiyo sababu mpaka wa hifadhi haukukomea kwenye mchanga. Rubondo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na katika eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 456, karibu nusu ni maji. Ndani ya maji hayo wavuvi hawaruhusiwi. Nje yake kuna mialo yenye watu wengi, na humo baadhi yao hutumia kokoro, wavu ule mrefu uvutwao na kundi la watu kutoka majini hadi nchi kavu, unaokwangua chini na kuchukua vyote: mzazi, kifaranga na kiota. Kokoro imepigwa marufuku Tanzania na Uganda pia. Sisemi kwamba sato wa hori hili ndiye atakayefika sokoni Masaka. Nasema kwamba mahali ambapo sato aweza kutotoa pasipo kokoro kumfikia pamekuwa pachache mno katika ziwa zima.

Na usafi huu haukupatikana bure. Kisiwa hiki kilikuwa na wenyewe, wavuvi waliojenga na kuzika wazee wao hapo, nao walihamishwa katika miaka ya 1960 kwenda bara na visiwa vya jirani. Mgeni anayesifu upweke wa hori hili akumbuke kwamba ni upweke uliotengenezwa, na kwamba kuna jamaa ng'ambo ya maji ambao babu zao walivuta mitumbwi juu ya mchanga huo.

Katika miaka hiyo hiyo Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na wenziwe walileta kisiwani wanyama wa namna nyingi, kwa kuwa hapana simba wala chui wa kuwatisha. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiliwa sokwe 17 waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Hakuna aliyewafundisha kuishi porini. Walijifunza wenyewe, wakazaa, na leo wajukuu zao ni makumi. Lakini faru weusi 16 walioletwa katikati ya miaka ya 1960 hawakubahatika hivyo. Majangili waliwamaliza. Askari msomaji ataelewa upesi sababu yake: kisiwa hakina lango moja la kulindwa, kila hori ni lango, na mtumbwi usiku hauachi alama njiani. Askari wa hifadhi wanaopiga doria katika maji hayo hufanya kazi isiyoonekana na mtalii, kwa maana huifanya wakati mtalii amelala.

Atakayekwenda alale Kageye, ambako pana vibanda na bweni la wageni, na akubaliane kabisa na ofisi ya hifadhi kuhusu ada, boti na askari wa kumsindikiza, kwani haifai kutembea peke yake. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na njia za msituni hazitelezi. Achukue chakula chake, nguo ya mikono mirefu, dawa ya mbu na kofia. Ya muhimu zaidi ni saa ya kuondoka: hori lionekane alfajiri, na safari ya kurudi bara ifanywe asubuhi, maana mchana upepo huinuka na ziwa hili, ambalo wenyeji hawalifanyii mzaha, huanza kurusha mawimbi.