Pini Iko Mgongoni: Parachuti, Hofu na Washikaji wa Kariakoo

Kwenye sherehe za kitaifa pale Uwanja wa Uhuru kuna dakika ambayo hata muuza karanga anasimamisha biashara. Ni pale askari wa miamvuli wa JWTZ wanapoonekana juu kabisa, vidoa vidogo kama kunguru wa Posta. Watu wanaweka viganja juu ya macho, wanahesabu: mmoja, wawili, watatu. Mwamvuli wa kwanza ukifunguka, uwanja mzima unashusha pumzi. Na pembeni yako hakosi mtu wa kusema, "Mimi hata unilipie ada ya miaka mitatu, siruki."

Nakiri, mtu huyo nimewahi kuwa mimi. Halafu jioni hiyo hiyo nikapanda bodaboda Msimbazi, abiria watatu nyuma ya dereva mmoja, bila kofia hata moja, nikarudi hosteli huku nachati. Makala hii imetokana na swali ambalo lilinijia baadaye: kati yangu na yule askari, nani alikuwa anaicheza roho yake?

Kinachotokea kule juu

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumeuona kwenye simu tu. Anayeruka kwa mara ya kwanza kwa kujifurahisha, kama wanavyofanya watu pale Diani, pwani ya kusini ya Kenya, haruki peke yake. Anafungwa mbele ya mkufunzi kwa ndoano nne, mbili mabegani na mbili kiunoni. Ndege inawapandisha mpaka futi 10,000 au zaidi, yaani kilomita tatu na ushee. Mlango unafunguliwa, wanatoka. Wanaanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Wakiwa wamebakiza kama kilomita moja na nusu kufika ardhini, mkufunzi anafungua mwamvuli. Kelele za upepo zinakatika, na wanaelea dakika kadhaa mpaka chini.

Mgongoni mwa mkufunzi kuna miamvuli miwili. Mkubwa ukigoma au ukifunguka vibaya, anaukata na kufungua wa akiba, ambao haukunjwi na mtu yeyote tu: unakunjwa na fundi mwenye leseni. Na kama mkufunzi mwenyewe amezimia hewani, kuna kifaa kidogo kinachopima kimo na mwendo. Kikiona bado wanaporomoka kwa kasi wakati ardhi imekaribia, kinafungua mwamvuli wa akiba chenyewe.

Mfaransa André-Jacques Garnerin, aliyeshuka kwa mwamvuli wa hariri mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797 akitokea kwenye puto, hakuwa na kimojawapo kati ya hivyo. Mwamvuli wake haukuwa na tundu juu la kutolea hewa, basi ukawa unayumba huku na huku kama pendulamu. Alifika chini salama. Tundu lile liliongezwa baadaye, kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakajiuliza kwa nini ulikuwa unayumba.

Hiyo ndiyo historia yote ya mchezo huu kwa ufupi. Kila kamba, kila ndoano na kila sheria ipo pale kwa sababu siku fulani mtu fulani alipata matatizo, na wenzake hawakuishia kusema "kazi ya Mungu". Waliandika kilichotokea.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Marekani, ambako chama cha warukaji huhesabu kila kifo na kutangaza chanzo chake, katika miaka ya 1970 walikuwa wanakufa kwa wastani zaidi ya watu 40 kwa mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko inayokadiriwa kufikia milioni 3.65. Piga hesabu: kifo kimoja kwa kila miruko 365,000. Ardhi ni ileile na inagonga vilevile. Kilichobadilika ni vifaa, mafunzo, na tabia ya kuulizana.

Na kuna jambo moja ndani ya ripoti hizo ambalo lilinishtua. Sehemu kubwa ya ajali za warukaji wazoefu haitokani na mwamvuli kugoma kufunguka. Mwamvuli umefunguka vizuri kabisa, mtu anaona ardhi hiyo hapo, moyo umetulia, halafu anakata kona kali akiwa chini mno ili atue kwa mbwembwe. Anajigonga. Hofu ilipoondoka, umakini nao ukaondoka.

Hofu ina saa yake

Watu husema warukaji hawana woga. Si kweli, na ushahidi upo tangu miaka ya 1960. Wanasaikolojia wawili, Walter Fenz na Seymour Epstein, walipima mapigo ya moyo, upumuaji na jasho la ngozi vya warukaji wa parachuti, kuanzia wanafika uwanjani mpaka wanakaribia kuruka. Walilinganisha wanaoanza na waliokwisha ruka mara nyingi.

Kwa wanaoanza, moyo ulizidi kwenda mbio kadiri saa ya kuruka ilivyokaribia. Juu kabisa ya mlima wa hofu walikutana na mlango wa ndege. Wazoefu nao waliogopa, lakini kilele cha hofu yao kilikuja mapema, na walipofika mlangoni ilikuwa inashuka.

Tafsiri yangu ni hii. Mzoefu hutumia hofu yake wakati bado inaweza kufanya kazi. Akiwa chini anaangalia upepo. Anagusa kila kamba. Anauliza, "Hii mbona imelegea?" Akifika mlangoni, maswali yameisha. Mgeni hofu inamkuta mlangoni, mahali ambapo haiwezi tena kukagua kitu, inaweza kumtetemesha tu.

Sisi wa chuo tunalijua hili vizuri. Yupo anayeogopa mtihani wiki ya tatu ya semesta, akaunda kikundi cha kujadili. Na yupo anayeogopa saa mbili kabla, akiwa nje ya ukumbi wa mtihani, anakumbuka habari za sapu na kudisko. Wote wameogopa. Mmoja hofu imemsomesha, mwingine imemtoa jasho.

Kisogo chako hukioni

Sasa tufike kwenye urafiki, maana hapo ndipo mchezo huu ulipojificha.

Chombo cha mrukaji kimefungwa mgongoni, na pini inayoshikilia mwamvuli iko hukohuko nyuma. Ikiwa imechomoka kidogo, mwamvuli unaweza kufunguka mlangoni mwa ndege na kuhatarisha kila mtu. Mwenye pini hawezi kuiona, kama usivyoweza kuona kisogo chako. Ndiyo maana kwa desturi chombo hukaguliwa mara tatu: kabla ya kukivaa, kabla ya kupanda ndege, na kabla ya kutoka. Ukishakivaa, unageuka na kumwambia mwenzako, "Nicheki." Askari wanaoruka kwa kamba iliyofungwa ndani ya ndege nao hufanya hivyo: wakiwa wamepanga mstari, kila mmoja anakagua mgongo wa aliye mbele yake.

Angalia maana yake. Mtu mwenye miruko elfu anampa mgongo mwenye miruko hamsini ili akaguliwe, na haoni kwamba amedharauliwa. Anayekagua akisema "hapana, hii sio", ukubwa hauna nafasi. Na mtu akifika juu akasema "leo siruki", anarudi na ndege. Kwenye kundi lenye nidhamu hachekwi, kwa sababu wote wanajua siku mtakapomcheka mmoja, wa pili ataruka huku akijua kitu hakiko sawa.

Turudi Kariakoo

Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Zaidi ya watu 25 walikufa. Zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai.

Tulioona picha za siku zile hatutasahau. Kabla mitambo mikubwa haijafanya lolote, watu wa Kariakoo wenyewe walishaanza kufukua: machinga, wapagazi, mawinga, watu ambao asubuhi ile walikuwa wanagombania mteja mmoja. Walitumia mikono. Waliokwama chini walikuwa wanasikika, na waokoaji walipitisha maji na hewa kwenye matundu. Ukitaka kujua maana ya mshikaji, ni yule aliyeingia kwenye tundu lile bila kujua kama dari litashuka tena.

Ujasiri ule siwezi kuupunguzia hata chembe. Lakini ulikuja baada. Urafiki wa warukaji huanza kazi kabla ya mtu kuanguka, na huo ndio tunaouhitaji mjini. Haikuwa mara ya kwanza pia. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, liliporomoka na kuua watu 36. Baada ya ajali ya 2024 serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ni jambo jema. Ila warukaji wangekwambia kwamba ukaguzi ni wa kila mruko. Haukai ukisubiri msiba.

Hapa kuna ugumu ambao sitaki kuuruka. Mrukaji amechagua. Amelipa, amesaini, ameelezwa hatari kwa majina yake. Muuza viatu mwenye fremu ghorofa ya kwanza hakusaini hatari yoyote. Amelipa kilemba, amekopa vikoba, mzigo umeshafika. Akiona ufa kwenye nguzo, akisema ataambiwa "kama unaogopa hama, wapo wanaoitaka". Kwake "leo siruki" ina bei, na bei yenyewe ni ugali wa watoto. Kwa hiyo tusimlaumu kwa kunyamaza. Mtu mmoja akisema ni mkorofi; ghorofa nzima ikisema kwa pamoja inakuwa hoja. Pini yake haiwezi kukaguliwa na yeye peke yake. Anahitaji jirani wa fremu, anahitaji mhandisi anayeweza kuukataa mchoro mbovu hata mwenye hela akikasirika. Na baadhi ya wahandisi hao wa kesho wako madarasani sasa hivi, wanasoma gazeti hili.

Jamaa aliyeshuka

Nimalizie na ile bodaboda. Kumbe tulikuwa wanne siku ile. Tulikuwa tumetoka kufunga mzigo wa mashuka wa kuja kuuza hosteli, maana boom lilikuwa limechelewa na njaa haina semesta. Mwenzetu wa nne, anayesoma uhandisi ujenzi, aliangalia pikipiki, akaangalia mzigo, akatuangalia sisi. Akasema, "Mimi mshikaki sipandi. Na nyie msipande, wanangu."

Tulimcheka. Tulimwita mwoga mpaka basi. Yeye akajitwika fungu lake la mashuka, akatembea mpaka Gerezani kupanda mwendokasi. Alifika saa nzima baada yetu, amelowa jasho, na tukaendelea kumcheka mpaka chumbani. Hatukupata ajali. Hilo ndilo tatizo: kwa sababu hatukupata ajali, tukaamini sisi ndio tulikuwa sahihi.

Sasa naelewa kwamba jioni ile jamaa alikuwa ameona migongo yetu mitatu, akatuambia pini imechomoka. Sisi tukamwadhibu kwa kicheko, na tangu siku ile, nimegundua, hasemi tena. Tukichomeka hita ya maji na pasi kwenye soketi moja pale chumbani, ambako tumebebana watu sita, anaangalia pembeni.

Wiki iliyopita nilimfuata nikamwambia, "Kaka, ile siku ya Kariakoo ulikuwa sahihi." Akaniangalia kama anayesubiri utani uishe. Nilipomwambia sitanii, akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Basi anza na hiyo soketi," akasema. "Ina moto tangu jana."