Piscator na Darasa la Jukwaani

Ukisikia mtu hapa chuoni anasema kikundi cha maigizo ni kupoteza muda, mtajie Erwin Piscator. Mjerumani huyu alijenga jina Berlin kwa kuingiza filamu na siasa jukwaani. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, kurudi kwao kukawa hatari. Baadaye akafika New York, na mwaka 1940 akafungua shule, Dramatic Workshop. Alitaka mwigizaji aielewe jamii, si kusaka makofi tu. Kwake walipita Marlon Brando, Judith Malina na Harry Belafonte. Mwaka 1951, msako wa wakomunisti ukamrudisha Ujerumani. Wanafunzi wakabaki. Mwaka 1959 Belafonte akasaidia kuchangisha nauli za Wakenya waliokwenda kusoma Marekani. Sasa huo ni muda uliopotea?