Taa Zinazokimbia na Mwanariadha

Mwanafunzi akimbiaye mita 1,500 katika uwanja wa shule huko Ubungo aghalabu huanza kwa kasi mno. Saa ya mwalimu humweleza kosa lake baada ya mbio, wakati nguvu zimekwisha na hakuna la kusahihisha.

Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, Hispania, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, akaweka rekodi ya dunia. Kando ya njia zilipangwa taa ndogo zilizowaka moja baada ya nyingine kwa mwendo uliowekwa na kompyuta, naye alikimbia kila mzunguko wa mita 400 kwa wastani wa takriban sekunde 62.8. Mkimbiaji akichelewa, mwanga humtangulia, naye hujua papo hapo.

Hata hivyo, taa hizo huarifu tu, hazipokei habari. Mkimbiaji akichoka, mwanga huzidi kwenda. Chombo kilicho bora zaidi hapana budi kipime pia mapigo ya moyo, na kupunguza mwendo kabla mwili haujalemewa.

Kanuni hiyo yaweza kujaribiwa shuleni bila umeme. Visimikwe vijiti vinane, kila baada ya mita 50, kuzunguka njia ya mita 400. Filimbi ipigwe kila baada ya sekunde 10. Afikaye kila kijiti pamoja na filimbi atamaliza mzunguko kwa sekunde 80. Mwalimu akiona mwanafunzi anahema kupita kiasi, na arefushe muda kati ya filimbi. Hapo atakuwa amefanya kazi ambayo taa za Valencia hazikuweza kuifanya.