Hoteli au Mkahawa?

Mgeni afikaye Chake Chake, Pemba, akauliza mtaani Tibirinzi hoteli iko wapi, aweza kuoneshwa nyumba ya kulala wageni, au kijumba chenye meza chache kinachouza wali, samaki na mchuzi. Katika mazungumzo hapana madhara. Katika leseni au sheria ndogo, hata hivyo, utata huo una gharama: mwenye kijumba aweza kutozwa ada na kukaguliwa kana kwamba analaza wageni.

Neno hoteli tumelipata kwa Kiingereza, nacho kililitwaa katika Kifaransa, ambamo lina asili moja na maneno ya kukaribisha wageni. Kwa nyumba ya kula tunalo neno mkahawa, au kwa umbo lake jingine, mgahawa. Wapo walipingao wakisema kwamba kahawa si chakula. Hoja hiyo haina nguvu. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, restaurant lilikuwa jina la supu nzito ya kuwarudishia nguvu wadhaifu. Baadaye jina lilihamia kwenye nyumba iliyoiuza, na leo hakuna adaiye kwamba humo iuzwe supu peke yake. Kinywaji kilizaa jina la nyumba, kama kahawa ilivyozaa mkahawa.

Tatizo la pili ni majina ya vyakula. Mkahawa mdogo wa mtaani huko Ufaransa huweza kuandika pot-au-feu, yaani chungu kilichoko motoni. Mfasiri akiandika "chungu motoni", msomaji hatajua atakula nini. Heri aliache jina lilivyo, kisha aeleze: nyama ya ng'ombe iliyotokoswa polepole pamoja na mboga, aghalabu na kitunguu kilichochomekwa karafuu. Hapo Mpemba ataelewa, kwani karafuu aijua tangu utotoni. Nasi tusingefurahi kuona urojo wetu ukiitwa "majimaji mazito" katika lugha za wengine.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi rasmi hoteli liwe jina la mahali palalwapo, hata kama chakula hupatikana hapo. Mkahawa liwe la mahali paliwapo tu. Jina la chakula cha kigeni libaki, na maelezo mafupi yalifuate. Mazungumzo ya mtaani yataendelea na desturi yake; fomu ya serikali haina ruhusa hiyo.