Friji ikijaa barafu, insulini ya mtoto iko salama?

Mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wake mwenye kisukari. Sukari ilikuwa juu siku ya tatu mfululizo, na mama aliapa hajaruka sindano hata moja. Nilimwamini. Nikamuuliza insulini anaiweka wapi. "Kwenye friji, nesi, pale juu kabisa karibu na barafu. Ndipo penye baridi nzuri."

Tatizo lilikuwa hapo. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishii nguvu. Wakati mwingine utaona chembechembe au ukungu kwenye kichupa, wakati mwingine hutaona chochote. Kwa hiyo ikiganda, usiitumie, hata kama inaonekana nzuri. Lakini pia usimwache mtoto bila sindano: nenda kituoni siku hiyo hiyo upewe nyingine, na ubebe kichupa kilichoganda ili wakione.

Sasa, kwa nini friji inajaa barafu? Hewa ya nje ina unyevu. Kila mlango unapofunguliwa, unyevu huo unaingia na kugandia kwenye ukuta wa baridi. (Kiyoyozi cha ofisini kikiota barafu chanzo ni hicho hicho, ila mara nyingi chujio lake limejaa vumbi au gesi imepungua.) Nyumbani wa kulaumiwa wanajulikana: watoto wanaofungua kila dakika, sufuria ya ugali au mchuzi iliyoingizwa ikiwa bado inatoa mvuke, na raba ya mlango iliyochoka. Raba unaweza kuipima mwenyewe. Bana karatasi kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, raba haishiki.

Barafu ikiwa nene, mashine haipumziki na umeme wa Luku unaisha haraka. Ukiona hivyo wengi mnazungusha swichi ya baridi kwenda namba kubwa, mkidhani friji imechoka. Kwenye friji nyingi namba kubwa ni baridi kali zaidi, na ndipo dawa inapoganda.

Kuyeyusha barafu, chomoa waya ukutani, toa vitu vyote, acha mlango wazi na tandika matambara chini. Bakuli la maji ya moto ndani litaharakisha. Usichokoe kwa kisu, tafadhali. Ukitoboa bomba gesi inatoka, na kwenye friji nyingi za siku hizi gesi hiyo inashika moto. Jiko la mkaa lisisogezwe karibu.

Baada ya hapo weka insulini rafu ya katikati, ndani ya kopo lenye mfuniko, isiguse ukuta wa nyuma wala sehemu ya barafu. Kipimajoto kidogo cha friji kikipatikana, nunua.

Kichupa ulichokwisha kufungua hakihitaji friji, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30 na usikitumie zaidi ya wiki nne. Soma karatasi yake, maana aina zinatofautiana. Hapa Bariadi mchana wa kiangazi joto linaweza kuzidi hapo, na umeme nao unakatika. Chungu kinasaidia sana. Chukua vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa ikae ndani ya kopo kavu. Kiangazi hewa ni kavu, hivyo chungu kinapoa vizuri; masika kinapoa kidogo.

Mtoto akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana, anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu au pumzi yake inanukia kama matunda, usianze kukagua friji. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.