Kuchoka Siyo Kushindwa Kazi

Ndugu wakazi wa Lobule, Koboko, na wa Rhino Camp,

Tunao wahudumu wa afya wa jamii, walimu wasaidizi na wakalimani wanaoanza kazi alfajiri na kupigiwa hodi hata usiku. Mwishowe mmoja husema: "Mimi sifai, awekwe mwingine." Kama ni wewe, pima kwanza neno hilo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu unaoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usiotatuliwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni 3:

1. Kuishiwa nguvu.
2. Kuichukia kazi yako.
3. Kujiona huiwezi.

Angalia ya 3. Kujidharau ni sehemu ya uchovu wenyewe, si ushahidi kwamba hujui kazi.

Ufanye nini? Kwa wiki moja andika saa ulizofanya kazi na mambo uliyomaliza. Mwonyeshe msimamizi wako, umwombe zamu na siku ya kupumzika. Tena usijifungie. Katika Rhino Camp, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara 5 kujifunza namna ya kukabili mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba walipata nafuu.

Nawe mkazi, usiku mwamshe mhudumu kwa dharura tu, kama degedege la mtoto au uchungu wa uzazi. Habari ya kadi ya chakula ingoje asubuhi.